Firigisi ya Mwalimu

Mtu wa kwanza kuniaibisha hadharani alikuwa mume wa dada yangu, na aliniaibisha kwa habari za choo. Tulikuwa tumetoka kanisani, watu wamesimama vikundi vikundi wakiamkuana, naye akamwendea mama mmoja mzee, mjane aliyeheshimiwa na kila mtu, akampa mkono kwa adabu zote, kisha akamwuliza kwa sauti ya darasani kama tumbo lilikuwa limefunguka. Mama akasema bado. Mwalimu akauliza tangu lini. Mama akaanza kukumbuka, na waliokuwa karibu wakaanza kumsaidia kukumbuka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nitamwita Mwalimu kwa sababu hata dada yangu, aliyemzalia watoto, hakumwita kingine. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, nami nilikuwa nimetolewa kwetu ziwani, karibu na Homa Bay, nikapelekwa kwao upande wa Migori ili nimsaidie dada kubeba mtoto na nimalizie madarasa ya juu katika shule aliyofundisha. Shule ilikuwa kwenye njia ya kwenda Ntimaru. Darasani tulichanganyika, Wajaluo na Wakuria, na Mwalimu alitufundisha somo la afya kwa lugha yoyote iliyokuwa karibu na ulimi wake. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba kupita kiasi, suti yake ya kaki imening'inia mabegani. Kikoba chake hakikukosa chupa ya chai iliyofungwa kwa kitambaa.

Somo la afya lina mambo mengi. Kuna meno, macho, kucha, maji ya kunywa, mbu. Mwalimu aliyapitia hayo upesi upesi ili afike tumboni, na akishafika tumboni hakutoka. Alisimama ubaoni akachora mtu asiye na uso, mwenye matumbo tu, akaanza safari yake. Mdomo ni kinu cha posho, alisema, meno ndiyo mawe yake, na mate si maji ya bure, mate yanaanza kazi kabla ya mtu mwingine yeyote kuamka. Tumbo ni chungu cha kuchachushia. Ini ni mwenye mji, kila kinachoingia lazima kipite kwake akikague. Nyongo hufanya kwa mafuta kile ambacho sabuni hufanya kwa sufuria ya nyama. Kongosho alilipenda kuliko vyote, akilionea huruma kwamba linafanya kazi kubwa na hakuna anayelijua kwa jina. Utumbo mwembamba ndio unaofyonza chakula na kukitia katika damu. Utumbo mpana unakamua maji, na kinachobaki, alisema bila kupepesa macho, ni mavi, na asiyeweza kulitamka neno hilo atoke nje akalitamkie mti mpaka alizoee.

Nilitoka nje mara nyingi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minne hivi, nakaa nyumbani kwake, na kila neno alilolisema darasani nililisikia tena njiani kutoka kwa wavulana.

"Mwili hauna sehemu ya aibu," alikuwa akisema. Hilo lilikuwa neno lake. Aliwaambia wasichana walioficha nyuso, aliwaambia wazee waliokohoa kwa kuona haya, alimwambia hata katekista walipogombana juu ya ini. Kwa Kijaluo neno la ini ndilo lile lile la roho, na katekista alikuwa amesikia kwamba watoto wanafundishwa kuwa roho inatengeneza nyongo. Alikuja shuleni na kofia mkononi. Mwalimu akamkaribisha, akamsikiliza, kisha akamwuliza kama yeye mwenyewe alikuwa anapata choo vizuri. Katekista, ambaye alikuja kutetea roho, akaondoka na ushauri wa kula mapapai.

Lakini siku iliyonimaliza kabisa ni ile ya matanga. Mzee mmoja jirani alikuwa amefariki, fahali amechinjwa, na wanaume walikuwa wanagawa nyama kila mtu fungu lake. Matumbo ni ya akina mama, wanayaosha mtoni na kuyapika. Mwalimu akawasimamisha. Akawaomba wayaache kwanza, akaniita mimi, akanipa ncha moja ya utumbo mwembamba niishike, naye akaishika ncha nyingine na kuanza kurudi kinyumenyume. Alirudi akapita mlango wa marehemu. Alirudi akapita ghala. Alirudi mpaka akagusa ua wa minyaa, na bado utumbo ulikuwa umelegea katikati.

"Japuonj!" mama mmoja akapiga kelele, maana ndivyo walivyomwita kwa Kijaluo, mwalimu. "Hayo ni ya kupika, yawa! Watu hawajala!"

"Mtapika," akajibu kutoka kwenye minyaa. "Kwanza yatufundishe. Watoto, mnaona urefu huu? Na wewe unao. Na wewe. Na huyo mzee tunayemzika alikuwa nao, ukamfanyia kazi maisha yake yote na hakuwahi kuushukuru."

Watu walicheka, matangani, na wajane wakacheka pia. Nami nilisimama pale nimeshika utumbo wa fahali, unadondosha maji kwenye gauni langu la kanisani, na wavulana wa darasa letu wamepanga mstari. Nikimkumbuka Mwalimu leo, bado naisikia mikono yangu inanuka.

Sasa, mtu wa namna hiyo ungedhani ni mlaji. Ungedhani anakaa mezani amekunja mikono ya shati. Hakuna aliyewahi kumwona Mwalimu akila. Pale pale matangani, nyama ilipoiva na wanaume wakakaa kuzunguka sinia, yeye alishika kikoba chake, akasema ana madaftari ya kusahihisha, akaenda zake. Watu walimwangalia mgongo. Kwetu mtu anajulikana kwa mkono wake kwenye chakula cha wengi, na asiyeutia anasemwa.

Kwa Wakuria ilikuwa vivyo hivyo. Mwisho wa muhula mmoja shule ilichinja mbuzi, Mwalimu akayatandaza matumbo juu ya majani ya mgomba ili atufundishe. Babu wa mwanafunzi mmoja alikuwapo. Kule wako wazee wanaoyasoma matumbo ya mnyama na kusema mambo yatakayokuja, na huyu alikuwa mmoja wao. Alisogea, akachuchumaa upande wa pili wa yale majani, akaanza naye kusoma. Mwalimu anaonyesha kwa kidole utumbo unafyonza nini, mzee anaonyesha pale pale kwamba mvua itachelewa na ng'ombe wa fulani wako salama. Sisi wanafunzi tuliandika yote mawili. Walielewana vizuri sana, wakaachiana nafasi. Ugomvi ulikuja nyama ilipochomwa. Mzee akakata kipande cha ini na kumnyoshea Mwalimu, naye akatikisa kichwa.

"Hapana, mzee. Asante. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi tuko na wewe hapa." Mzee akabaki ameshika kile kipande. "Mwalimu, wewe najua hii matumbo yote, na hautaki kula? Sasa unasoma ya nini?"

Mwalimu akacheka tu. Mzee akakitupa kile kipande kwa mbwa, na hakuja tena shuleni.

Nyumbani chakula chake kilipikwa mbali na chetu. Dada alikipeleka jikoni, kibanda cha nyuma, Mwalimu akaingia na mlango ukafungwa. Niliambiwa anasahihisha. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga, sijaona mtu anayesahihisha madaftari jikoni kwenye moshi huku akikohoa. Mwishowe nilimkuta dada anachuja uji kwa kitambaa, uji mwepesi ambao ulikuwa umekwisha kuchujwa, na pembeni ameponda samaki mpaka amekuwa mchuzi. Nikamwuliza ni vya mtoto? Akaketi kwenye kigoda, akaniambia.

Mwalimu alipokuwa mdogo alilelewa karibu na misheni ambako walikuwa wanatengeneza sabuni. Siku moja akiwa na kiu alikunywa kikombe alichodhani ni maji, na kilikuwa kile kitu kikali kinachochanganywa na mafuta ili yawe sabuni. Hakufa. Koo lilipona, lakini lilipona kwa kovu, na kovu likakaza njia. Tangu hapo kilichopita ni uji, maziwa, mchuzi. Kitu kigumu kikimezwa kinakwama kifuani, hakiendi chini wala hakirudi, mpaka akitoe kwa nguvu, na kukitoa si jambo la kutazamwa.

"Usimwambie mtu," dada akasema. "Afadhali waseme ana maringo."

Na walisema. Nilikuwa nimeonea haya maneno yake ya mavi na matumbo, sasa nikawa naona haya nyingine, ya kujua. Nikikaa darasani akisema mwili hauna sehemu ya aibu, nilitazama dawati. Ndipo nikatambua jambo ambalo wenzangu hawakulitambua. Katika ile safari yake ya ubaoni, akitoka mdomoni alikwenda moja kwa moja tumboni. Katikati alivuta mstari mmoja wa chaki. "Umio," alisema. "Ni njia tu. Tuendelee." Kila mara hivyo hivyo. Kwenye mtihani liliulizwa swali moja la umio na kazi yake, na darasa zima, tuliokuwa tunaweza kuimba kongosho usingizini, tukaacha wazi.

Yangekaa hivyo miaka yote kama si wakwe, yaani kwetu. Mwalimu alikuwa ametoa ng'ombe wote, baba hakuwa na la kulalamikia katika hilo. Lakini kila alipokuja kututembelea hakula. Mara ya kwanza alisema tumbo linamsumbua. Mara nyingine amefunga. Mara nyingine amekula njiani. Kumkwepa mama mkwe kulikuwa rahisi, mila yenyewe ilimsaidia: kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Tatizo lilikuwa baba na kaka zangu. Mkwe anayeikataa sahani ya baba mkwe anasema kwa vitendo kwamba nyumba hiyo ni chafu, au kuna wachawi.

Kaka mkubwa, mvuvi mwenye mtumbwi wake mwenyewe, alipanda basi akaja mpaka Migori kuleta ujumbe. Hakukubali kuketi.

"Omera," akamwambia, yaani ndugu yangu, kwa upole kabisa, "sikuja kugombana. Baba anasema Krismasi uje na familia. Ukikaa kwenye kiti chetu ukala chakula chetu, yamekwisha. Usipokula, dada yetu habanduki pale. Atabaki kwetu na watoto, na ng'ombe zako utazifuata."

"Nitakula," Mwalimu akasema.

Kaka alipoondoka dada alimfuata Mwalimu chumbani, na kuta zetu zilikuwa za udongo, nilisikia.

"Waambie ukweli. Baba si mtu mbaya."

"Niwaambie nini? Kwamba binti yao ameolewa na mtu anayelishwa kama mtoto mchanga?"

"Kwani wewe si ndiye unayewaambia watu mwili hauna aibu?"

Wiki zilizofuata tulisikia mazoezi. Alikuwa anaingia jikoni na tonge dogo la ugali, anatafuna, tunasubiri, kisha tunasikia kikohozi kile kirefu na maji yakimwagwa. Siku nyingine hatukusikia kitu, na alitoka akiwa na uso wa mtu aliyefaulu mtihani. Dada alikuwa anakonda pamoja naye.

Krismasi ilifika. Ndani ya nyumba ya baba walikaa wanaume: baba, kaka zangu, baba zangu wadogo, na Mwalimu kwenye kiti cha mgeni, suti ya kaki imepigwa pasi. Mimi nilibeba birika na beseni, nikawamiminia maji ya kunawa, kisha nikasimama mlangoni kama ilivyo kazi ya msichana. Mama alikuwa nyuma jikoni, mahali ambapo mkwe hakanyagi. Kulikuwa na ugali wa mtama, samaki aina ya ngege wa mchuzi, na kuku. Siku hizo wanawake kwetu hawakula kuku, tulimpika tu na kumnusa.

Mwalimu akatia mkono. Nyumba nzima ilijifanya haimwangalii. Akakata tonge la ukubwa wa ncha ya kidole, akalichovya mchuzini mpaka likalegea, akalitia mdomoni. Akatafuna. Alikuwa ametufundisha kwamba ukikaa na ugali mdomoni mate huugeuza ukawa mtamu, na nadhani ule wa siku hiyo uligeuka ukawa asali. Alipomeza niliiona shingo yake ikifanya kazi. Likaenda. Akakata lingine, nalo likaenda. Wengine walikuwa wanamaliza samaki, yeye bado anatafuna, lakini anakula, na uso wa baba ukaanza kulegea. Nilimwona baba akimtazama kaka, kana kwamba anamwambia unaona, ni mtu wetu. Nami nikalikumbatia lile birika kwa furaha.

Ndipo baba akainama kwenye bakuli la kuku akatafuta kitu kwa vidole. Akatoa firigisi.

Ni lazima nieleze. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Katika maisha yangu yote sikuwa nimeona mtu mwingine akiila pale kwetu, hata kaka mkubwa, na kuku akiletwa bila firigisi mwanamke aliyepika anaulizwa maswali. Mwalimu mwenyewe ametufundisha kwamba kuku hana meno, kwa hiyo anasagia chakula ndani ya firigisi kwa vijiwe, ndiyo maana nyama yake ni ngumu kuliko zote.

"Mwanangu," baba akasema, "hii ni yangu. Leo ni yako."

Alimnyoshea. Heshima ya namna hiyo haikatwi vipande mbele ya aliyeitoa, inaingia mdomoni nzima. Mwalimu akaitazama, kisha akanitazama mimi mlangoni, maana mle ndani mimi tu nilijua. Nilitaka kusema. Lakini nilikuwa msichana mwenye birika katika nyumba ya wanaume. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mdomoni.

Alitafuna, akatafuna, akatafuna. Jasho likamtoka. Nina hakika angeitafuna mpaka ikawa uji kama wangemwacha. Lakini ilikuwa sikukuu na watu wamefurahi.

"Japuonj," kaka mdogo akasema, "unaitafuna au unaisahihisha?"

Wakacheka wote, na baba akacheka, na Mwalimu, mtu wa watu, akaona lazima acheke nao. Hapo ndipo ilipoteleza.

Aliinuka taratibu, ameshika kifua, anatabasamu bado. Akatoka. Nje alitaka mahali pa kujificha, akazunguka nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na jikoni. Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti mlangoni kwa mama mkwe wake, mate yanamtiririka mpaka kwenye suti, macho yamemtoka, anatoa sauti ambayo sijaisikia kwa binadamu mwingine. Na mama alikuwa amesimama mbele yake. Alifanya alichofundishwa tangu usichana wake: akageuka, akajifunika leso kichwani, akaipa mgongo ile aibu. Alisimama hivyo huku mtu anakabwa nyuma ya visigino vyake.

Dada akatoka jikoni mbio, akanitupia mtoto, akampiga Mwalimu mgongoni kwa kiganja, na tena, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Ikatoka. Ilitoka pamoja na uji wote wa asubuhi, ikaanguka kwenye majivu, na kabla mtu hajasogea kuku mmoja akaja akaidonoa akakimbia nayo. Wanaume walikuwa wamefika pembeni ya nyumba. Hakuna aliyecheka.

"Haya, mmeona?" dada akawapigia kelele, analia. "Mmefurahi sasa? Njia yake ya chakula haifiki hata unene wa mrija wenu wa pombe! Tangu utotoni! Mnataka ale, ale, ale nini?"

Baba alitazama mkono wake, ule uliotoa firigisi, akaufuta kwenye suruali. Mwalimu aliinuka akajipangusa uso kwa kitambaa cha ile chupa ya chai. Hakumtazama mtu. Waliondoka mchana ule ule na watoto wao, na hakuna aliyethubutu kumzuia dada. Kulikuwa na mbuzi wa kuchinja ili kuondoa lile tendo baina ya mkwe na mama mkwe, wazee walilitaja siku za baadaye, lakini kwetu kila aliyefungua mdomo kulisema aliufunga. Hata mimi, ambaye sikufanya lolote, nilipita vijumba vya jirani nimeinamisha kichwa.

Muhula ulipofunguliwa Mwalimu alichora mtu wake ubaoni, na safari hii alipofika kwenye umio alichora mistari miwili, taratibu, na nafasi katikati. Akatuambia chakula hakianguki tumboni, kinasukumwa, misuli inajibana nyuma yake na kulegea mbele yake, na hata mtu akisimama kwa kichwa chakula kitakwenda kinakotakiwa, kama njia ni nzima.

"Na kama si nzima?" mvulana mmoja akauliza.

"Basi mtu anakula peke yake," akasema, akafuta ubao kabla hatujamaliza kunakili.

Jambo lingine lilikwisha siku hizo. Aliacha kuwauliza watu habari za matumbo yao. Kanisani alitoka wa kwanza akashika njia. Siku moja yule mama mzee alimkimbilia na mkongojo wake. "Mwalimu, mbona siku hizi huniulizi?" Mwalimu akamwambia ana haraka. Nilikuwa nimeomba kwa Mungu miaka miwili anyamaze, na sasa amenyamaza, na nilijisikia vibaya kuliko siku ile ya utumbo wa fahali.

Nilimwona kwa karibu mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ile ile ya sitini. Nilikuwa nimeolewa Homa Bay mjini, naye aliletwa hospitali pale, njia imekaza mpaka maji yanapita kwa shida. Daktari alikuwa anaipanua kidogo kidogo kwa mpira mrefu unaopitishwa mdomoni. Dada alikuwa amejifungua tena, hakuweza kusafiri, kwa hiyo nilimpelekea chakula mimi. Alikuwa mifupa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinieleza kwa furaha kwamba Mwalimu amewafundisha kongosho. Kwa hiyo palikuwa bado na kitu kidogo ndani yake. Lakini nikimpa kikombe alisubiri nigeuke ndipo anywe, nami nikageuka.

Mchana mmoja, wakati wa kuona wagonjwa, nilimkuta mama ameketi barazani, chini kabisa, chini ya dirisha la wodi. Alikuwa amekuja peke yake kutoka nyumbani, na mapajani ameshika sufuria ndogo iliyofungwa kwa leso. Uso wake ulikuwa kule ziwani na mgongo wake ukutani, naye hakuugeuza hata nilipomwamkia.

"Yuko kitanda gani?"

"Hiki cha dirishani. Yuko nyuma yako."

"Mpe hii ingali moto."

Niliingia nayo. Ulikuwa mchuzi mzito kidogo, wa rangi ya kahawia, umechujwa vizuri kuliko alivyochuja dada. Mwalimu alikuwa amesikia sauti. Alijua ni nani aliyekaa nje, nilimwona akivuta shuka mpaka kidevuni. Nikammiminia kikombe, nikageuka kama kawaida.

"Kunywa, Mwalimu," nikamwambia ukuta.

Tulikaa. Mgonjwa mmoja alikuwa anakohoa upande wa pili. Kisha sauti ya mama ikaja kutoka chini ya dirisha, akiongea na ziwa.

"Imeshuka?"

Nikageuka bila kufikiri. Mwalimu alikuwa ameshika kikombe kitupu, ameweka vidole shingoni, anasikiliza ndani yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Imeshuka, mama," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Nilimsikia akijiweka sawa pale chini, kisha akasema, "Mwambie kwamba baba yako alichinja kuku jana. Alikaa na mimi jikoni, na kinu, akaponda mwenyewe mpaka mkono ukamwuma. Alinikataza kuchuja mpaka ilainike kama unga. Mwambie hiyo ilikuwa firigisi."

Hapakuwa na haja ya kumwambia. Mwalimu alikuwa ametazama ndani ya kikombe. Midomo yake ilichezacheza bila kutoa neno, na nilidhani inataka kurudi, nikainuka kutafuta beseni. Lakini hakukohoa. Aliusogeza uso wake karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu akamsemesha mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "mwambie baba nimeila."